Kukalia Kazi

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Hapa mtaani Buyenzi, avenue nzima ya kumi na saba, watu wakisikia kelele gerejini kwangu hawageuzi hata shingo. Wanasema ni Tajudini anagombana na spana. Nimegombana na spana, na mafundi wenzangu, na siku moja niligombana na imamu kwa ajili ya breki za pikipiki yake. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani anayesimulia ni mtu mpole.

Jambo nililogombania kuliko yote ni kukalia kazi. Desturi hiyo tuliachiwa na baba zetu. Fundi akifunga kipande halali cha gari lile lile, anapokea haki yake na kazi imekwisha. Lakini akifunga kipande cha kuokoteza, kilichotoka kwenye gari jingine, lazima aikalie kazi yake: safari ya kwanza anakaa juu ya gurudumu alilolitengeneza, mpaka mwenye gari afike anakokwenda na kurudi. Gurudumu la kulia, anakaa kiti cha abiria. La kushoto, anakaa kwenye usukani na kuendesha mwenyewe. Marehemu baba yangu, mzee Shaabani, alisema hiyo ndiyo dhamana ya Buyenzi, kwa sababu nyingine hatuna.

Vita vilipokuja, desturi ikafupishwa. Barabara ya kusini, ile inayofuata ziwa hadi Rumonge, ilikuwa haipitiki bila msafara wa askari, na msafara ulijipangia Ruziba, mwisho wa mji. Mafundi wakawa wanakalia kazi zao mpaka Ruziba, wanashuka, wanampa mwenye gari ufunguo na kumwombea Mungu. Hakuna aliyewalaumu. Isipokuwa mimi. Nilimsimamisha Pontien, fundi jirani yangu, mbele ya mkewe aliyekuwa amemletea chakula, nikamwambia fundi anayeshuka njiani anajua mwenyewe alichokifunga. Pontien alifunika sahani yake, akaenda kula nyumbani, na tangu siku hiyo hatukusalimiana.

Sasa, Jumatano moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na saba, Bahizire akaja na pikapu yake imelala upande wa kushoto, tairi limegusa madigadi. Bahizire ni Mkongomani wa Bukavu, mfanyabiashara wa mawese, mteja wangu wa miaka mingi, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Siku hiyo hakucheka.

Mkewe Lisette alikuwa amekwama Rumonge. Alikwenda kukusanya mawese akiwa na mimba ya miezi saba, kwa siku tatu tu, barabara ikafungwa nyuma yake. Sasa mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. Mtoto wao wa kwanza, Divin, alitolewa kwa kupasuliwa. Wa pili alikufa tumboni kwa kuwa kisu kilichelewa, na daktari akamwonya Lisette asijaribu tena kuzaa mbali na chumba cha kupasulia. Kule alikokuwa hakukuwa na daktari wa kazi hiyo. Na barabara ilikuwa imefunguliwa: msafara ungeondoka Ruziba kesho yake asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Baada ya hapo, hakuna aliyejua.

"Fundi," Bahizire akaniambia, "kesho kama mi siko mu ule musafara, Lisette atazalia kule. Na we unajua."

Nilijua. Nilikuwa mazikoni kwa yule mtoto wa pili.

Nikaingia chini ya gari. Pikapu za aina ile, mbele hazina springi. Kila upande una chuma kirefu cha mviringo, kinene kama mpini wa jembe, kinacholala chini ya gari kutoka gurudumuni hadi karibu na kiti. Gari likipanda na kushuka, chuma kinajisokota na kujisokotoa, na huo msokoto ndio unaobeba uzito. Sisi tunakiita torsio. Ya kushoto ilikuwa imekatika vipande viwili.

Siku nyingine ningetuma mtu dukani. Lakini ulikuwa wakati wa ambargo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, hakikuingia kipuri, petroli tulinunua kwa chupa za bia. Kwa hiyo nikapeleka salamu kwa Hamimu, anayeuza vyuma chakavu avenue ya ishirini na tatu. Hamimu alikuwa akinunua magari yaliyotelekezwa mtaa wa Kamenge tangu watu walipokimbia vita, anayakatakata, anauza vipande. Kabla ya adhuhuri akaja mwenyewe na torsio begani.

Lazima ujue jambo moja kuhusu chuma hiki. Torsio ya kushoto na ya kulia zinafanana kama mapacha, zinaingia popote. Lakini kila moja kiwandani ilizoezwa kujisokota upande wake. Ukiifunga upande usio wake itabeba gari, itakupendeza machoni, kisha itachoka, na siku yoyote inakatika bila kukuonya. Ndiyo maana huchongwa alama mwishoni. Hii ya Hamimu, mwisho wake ulikuwa umeliwa na kutu, haina alama.

Nikamuuliza aliitoa upande gani. Akasema aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, chini ya usukani.

Nikatosheka. Hapa kwetu usukani uko kushoto, na kushoto ndiko nilikotaka. Niliifunga kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Nati ya kurekebishia urefu ilidai mizunguko mingi kuliko nilivyozoea, na mkono wangu uliona. Kichwa kikajibu kwamba ni uzee wa chuma. Mwishoni gari lilisimama sawa, vidole vinne kati ya tairi na madigadi, kulia na kushoto. Bahizire alizunguka gari lake mara mbili, akauliza kama ni kweli nitaikalia mpaka Rumonge au nitashuka Ruziba kama wengine.

Nilimjibu kwa sauti ya kutosha kumfikia Pontien kwamba mimi sishuki njiani.

Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya Bahizire kuja, nikaenda kumrudishia Hamimu jeki yake niliyoazima. Sikuwahi kuingia ndani kwake tangu mwaka uanze. Alikuwa anakunywa chai, amekaa juu ya kichwa cha pikapu kilichokatwa, ile pikapu iliyotoa torsio yangu. Vioo vilikuwa vimevunjika, lakini dashibodi ilikuwa nzima. Usukani ulikuwa kulia.

Nilisimama na jeki mkononi. Ilikuwa gari la Tanzania, Hamimu akaniambia bila wasiwasi, la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakaa Kamenge. Magari ya namna hiyo mjini yalikuwa mengi, yanatoka Dar es Salaam na usukani wao wa kulia, na mimi nimeyatengeneza maisha yangu yote. Nilikuwa nimefunga torsio ya kulia upande wa kushoto.

Nikamuuliza iko wapi ile nyingine.

"Ile ingine ilikuwa hapa jana," Hamimu akasema. "Saa ya alasiri mufua vyuma aliinunua. Ameshakata patasi."

Nilimtukana Hamimu, na mama wa mfua vyuma, na Tanzania nzima. Hamimu akaendelea kunywa chai. Alikuwa ameniambia kweli tupu, na mimi ndiye sikuuliza usukani wenyewe ulikuwa upande gani. Hilo lilinichoma zaidi ya yote.

Nilirudi gerejini nimeshapanga kusema. Lakini nilimkuta Bahizire amevaa shati safi, nyuma ya pikapu ametandika godoro, mto na kitenge vya Lisette, na Pontien yuko mlangoni kwake anatazama kama kweli nitapanda. Nikajiambia nitasema Ruziba, kule hakuna Pontien. Nikapanda.

Bahizire aliongea njia yote. Kinindo, Kanyosha, anaongea. Amemchagulia mtoto jina, Destin kama ni mvulana; kama ni msichana, Lisette ndiye atakayechagua. Mimi nilikwepa kila shimo, na mashimo niliyoshindwa kuyakwepa niliyasikia yakipanda kutoka kwenye chuma hadi mgongoni. Nilikuwa naogopa, na naona aibu kwamba naogopa, na bado sijasema.

Ruziba magari yalikuwa yameshajipanga, malori ya chumvi, mabasi madogo, pikapu kama yetu. Mbele kulikuwa na lori la askari, nyuma gari dogo la askari wenye bunduki kubwa. Nikashuka, nikainama, nikaweka vidole kati ya tairi na madigadi. Kulia vinne. Kushoto viliingia viwili.

Bahizire akaja upande wangu, akanishika bega. Alidhani anajua ninachokiogopa. Akasema kwa upole kwamba hapa ndipo mafundi wote wanashuka, kwamba nina watoto wanne, kwamba ya Buyenzi yalikuwa maneno ya Buyenzi na yeye hatayakumbuka. Akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

Naapa kwamba niliutazama ule mkono kwa hamu. Ningempa ufunguo, ningepanda basi la kurudi mjini, na chuma kingekatika chini ya mtu mwingine.

"Baba Divin," nikasema, "ile torsio si ya upande ule. Ni ya kulia. Itakatika. Sijui wapi, sijui saa ngapi, lakini itakatika."

Akaurudisha mkono wake. "Umejua lini?"

"Asubui ya leo. Mbele ya kutoka."

"Na haukusema."

"Niliona haya."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Mbele askari walikuwa wamewasha lori, na madereva wanarudi mbio kwenye viti vyao. Bahizire alitazama barabara, akatazama godoro lililokuwa nyuma.

"Lisette hana gari ingine," akasema. "Ingia. We ndiye utaendesha."

Nilimwomba dakika tano. Kando ya barabara, karibu na ziwa, kulikuwa na mtu anayechonga mitumbwi. Nikamwomba kipande cha mti mgumu, na kwa panga lake nikakichonga kiwe na ukubwa wa tofali, kikiwa na bonde katikati la kukaa juu ya mkono wa gurudumu, kile chuma kinacholishikilia. Torsio ikikatika, gari linaanguka juu ya tairi na tairi linakwama. Ukiliinua na kuweka mti kati ya mkono wa gurudumu na chasisi, litatembea polepole, bila ulaini wowote, lakini litatembea. Nikauweka ule mti chini ya miguu yangu pamoja na jeki ya Bahizire na vipande vya mpira wa baiskeli vya kufungia. Kisha nikakalia kazi yangu.

Kwenda tulifika. Sina la kusimulia juu ya safari ile isipokuwa kwamba Bahizire hakufungua mdomo tena, na kwamba Magara niliona shimo limejaa maji, nikasoma shahada, nikapita.

Rumonge tulimkuta Lisette amekaa kwenye ngazi za nyumba ya mwenyeji wake, tumbo limeshuka, viatu mkononi kwa kuwa miguu imevimba. Maumivu yalikuwa yameanza alfajiri. Alipoona mimi ndiye niliye kwenye usukani, akacheka kidogo, akasema leo basi kazi imefungwa vizuri, kama Tajudini mwenyewe amekuja hadi huku. Bahizire aliinamisha uso. Alimlaza kwenye godoro, akakaa naye kule nyuma, kichwa cha mkewe juu ya mapaja yake.

Msafara uliondoka saa saba mchana. Sisi tulikuwa gari la mwisho, nyuma yetu ni wale askari wenye bunduki kubwa. Waliendesha kwa kasi, na mimi nilipaswa kuwafuata kwa kasi hiyo hiyo, ziwa kushoto, vilima na migomba kulia. Kila gurudumu lilipogonga kitu nilimsikia Lisette akilalamika. Tulipita Magara. Nikaanza kuhesabu vijiji vilivyobaki, na matumaini yakaniingia.

Tulikuwa hatujafika Kabezi torsio ilipokatika.

Ililia kama bunduki. Sitafuti mfano, ndivyo ilivyolia, mlio mmoja mkavu, na usukani ukanivuta kuelekea ziwani. Niliushika kwa mikono miwili na kifua, tairi likasaga madigadi, gari likasimama tairi moja likiwa kwenye majani ya kando. Kabla sijashusha pumzi, askari waliokuwa nyuma yetu wakaanza kupiga. Walidhani tumeshambuliwa. Walipiga kilimani, upande wa migomba, wakipiga na kusonga, wakatupita. Mbele nao wakasikia, wakapiga pia. Msafara wote ukakimbia. Katika muda wa kusoma Fatiha, barabara ikawa tupu.

Tulibaki sisi watatu. Bahizire alikuwa amelala juu ya mkewe kumkinga. Nikamuuliza kama wameumia, akasema apana. Nikashuka na jeki na mti wangu.

Bahizire alinishikia jeki isiteleze. Tulikuwa na hofu ya waasi wa milimani kushuka, na hofu ya askari kurudi na kutudhania sisi ndio wao. Gari likapanda kidogo kidogo. Na nikiwa chini pale, mgongo kwenye lami ya moto, nikasikia sauti ya mwanamume kutoka kwenye migomba, ikiita jina moja.

"Irène," ilikuwa inaita. "Irène. Irène."

Mwanzoni iliita kama mtu anayetafuta. Kisha ikabadilika, na nikajua amempata.

Bahizire aliacha kusukuma mpini wa jeki. Tukatazamana chini ya gari. Juu, Lisette akauliza yule mtu anaita nini vile. Nikaingiza mti, nikaufunga kwa mpira, nikazungusha mara sita, nikamwambia Bahizire ashushe. Ile sauti ilikuwa bado inaita tulipoondoka.

Tulitembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Upande wa kushoto ulikuwa mgumu kama gari la ng'ombe, kila jiwe lilipanda moja kwa moja, na Lisette alijifunga mdomo kwa kitenge asipige kelele. Kwenye kizuizi cha Ruziba walitushusha kwa mitutu. Ofisa mmoja aliuliza washambuliaji walikuwa wangapi. Bahizire alijibu kwamba hakuona mtu. Kisha ofisa akaniuliza mimi.

Hapo nilikuwa na nafasi yangu ya pili. Ningesema ni chuma changu, afande, mlisikia chuma changu. Lisette alikuwa anatokwa na jasho nyuma ya gari, na nilijua nikisema hivyo tutakaa pale mpaka kesho tukihojiwa. Hiyo ni sababu ya kweli. Sababu nyingine, nayo ya kweli, ni kwamba niliogopa. Nikasema sikuona mtu. Akaandika kitu, akatupisha.

Hospitalini walimpasua Lisette saa mbili usiku. Ni msichana, mzima, na mama yake mzima. Daktari alisema tungechelewa saa moja zaidi tungewakosa wote wawili. Bahizire alitoka kuniambia, akasimama mbele yangu, na nikadhani labda sasa atanipiga.

"Mutoto ni muzima," akasema. "Mama yake ni muzima. Lakini yule baba mu migomba, tutamufanyia nini?"

Nikamwambia sijui.

Kesho yake redio ilisema msafara wa Rumonge ulishambuliwa, askari wakajibu kwa ushujaa, na mshambuliaji mmoja akauawa. Mmoja. Nilikuwa nakunywa chai na watu watano kibarazani, wakashukuru Mungu kwamba nimepona, wakataka niwasimulie. Niliwafukuza wote. Watu wa avenue wakasema Tajudini amerudi na hasira zake, basi hana neno.

Nililala vibaya siku kumi na moja. Mwanamke aliyekuwa shambani kwake alikuwa ameandikwa mshambuliaji, na watu waliojua ule mlio wa kwanza ulitoka wapi walikuwa wawili, mimi na Bahizire. Na mwaka ule mume wa mshambuliaji hakuwa na usingizi. Jirani yeyote angeweza kumnyooshea kidole. Baba yangu alisema mpaka mwenye gari afike na kurudi. Hakuniambia la kufanya na mtu ambaye hakuwa na gari, aliyekuwa ndani ya migomba yake tu.

Siku ya kumi na mbili niliambiwa watu wameanza kupita hadi Kabezi kwa baiskeli. Nilipita kwa Bahizire, akasema popote tutakapohitajika atasema nami. Mimi sina baiskeli. Nilikwenda kwa Pontien. Nilimweleza yote, kuanzia usukani wa kulia hadi ile sauti, na nikamwambia kwamba yale niliyomwambia mbele ya mkewe nilipaswa kujiambia mwenyewe. Nilimngoja acheke, maana alikuwa na haki. Pontien alipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na baiskeli yake, akabonyeza matairi kuona kama yana upepo.

Nilifunga vipande viwili vya ile torsio ya Hamimu kwenye baiskeli nikaondoka. Mahali penyewe nilipatambua kwa alama ya tairi langu kwenye majani. Nikapanda kilimani, nikamuuliza mama mmoja aliyebeba kuni, kwa Kirundi, nyumba ya mume wa marehemu Irène. Akanionyesha haraka, akaondoka haraka, kama watu wanavyoondoka karibu na nyumba iliyonyooshewa kidole.

Mume aliitwa Léonce. Alikuwa mtu mwembamba wa umri wangu, amesimama mlangoni, amevaa koti ingawa kulikuwa na jua. Alinikaribisha kwa macho tu. Nikaviweka vile vipande viwili vya chuma chini, mbele yake. Nikamwambia mimi ni fundi kutoka Buyenzi, na mlio wa kwanza siku ile haukuwa wa bunduki ya mtu yeyote. Ulikuwa wa chuma hiki. Nilikifunga upande usio wake, nikajua, nikakaa kimya. Nikamwambia Bahizire yuko tayari na mimi niko tayari, popote atakapotaka tuseme, mbele ya yeyote, kwamba hapakuwa na shambulio na mkewe alikuwa akilima.

Aliniomba nirudie, polepole. Nikarudia. Akachuchumaa, akaokota kipande kimoja, akapitisha kidole mahali kilipokatika.

"Alikuwa anapanda maharage," akasema. "Nilikuwa hatua kumi na yeye. Niliwaambia hapakuwa na mtu. Hakuna aliyenisikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa panga, kwa mawe, kwa kufukuzwa. Yote hayo ningeyaelewa.

Léonce aliingia ndani akatoka na kigoda, akakiweka chini kando ya mlango, mahali ambapo watu wote wanaopita njiani wangeniona na kuuliza huyu ni nani na amekuja kusema nini.

"Icara," akaniambia, yaani kaa.

Nikakaa.